Masizi Katika Bomba la Moshi

Jambo nitakalo kuwaeleza leo ni dogo, tena lachafua mikono: ni jinsi masizi yanavyojaa katika bomba la moshi la pikipiki ya mipigo miwili, na jinsi ya kuyaondoa. Nalieleza kwa sababu mbili. Kwanza, wako walimu na wazee ambao bado wanazo pikipiki za namna hii, na wengine wana misumeno ya mashine, au mitambo ya kupulizia mikorosho dawa, au mashine za boti, ambazo zafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Pili, masizi hayo yalinifanya nimdhulumu mtoto wa dada yangu, na karibu yanipotezee binti yangu. Nisingependa mwingine ayapate yaliyonipata mimi.

Mwaka wa 1992 nilikuwa mwalimu katika shule moja ya milimani, upande wa Soni, katika nchi ya Usambara. Waijuao barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto wajua ya kuwa ni ya kilomita 33 hivi, nayo yapanda tangu bondeni kwenye joto mpaka mahali penye baridi, ikizunguka kandokando ya genge kwa mapindo mengi. Kila mwezi ilinipasa kushuka mpaka Mombo, na mara nyingine Korogwe, kwa kazi za shule. Basi bwana shamba mmoja aliyekuwa akihamishwa aliniuzia pikipiki yake, Yamaha AG100, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mashamba, yenye kifuniko cha mnyororo na vichanja vya kubebea mizigo. Nikaipenda kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa kwanza.

Jirani yangu alikuwa na pikipiki ya mipigo miwili, nayo ilikwama pistoni njiani kwa kukosa oili, akaisukuma mlima mzima. Habari hiyo ikanitia hofu. Pikipiki yangu mimi ilikuwa na tangi lake dogo la oili, na pampu ndogo iliyoipima oili na kuipeleka katika injini yenyewe, wala haikutaka msaada wangu. Walakini nilisema moyoni, "Oili kidogo zaidi haidhuru." Kila nilipotia petroli, nikamimina na oili ndani yake, tena si oili ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi huiita 2T, bali oili nzito ya magari, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilipatikana dukani. Nikafanya hivyo kwa muda wa mwaka na nusu, nikijiona kuwa mtunzaji mwema.

Masizi hayaji kwa siku moja. Mwanzoni nilikuwa nikiupanda mlima wa Mombo kwa gia ya tatu. Baada ya miezi kadhaa nikaona yanilazimu kushuka gia ya pili, nikasema labda mzigo umezidi. Kisha nikaupanda kwa gia ya kwanza, nikasema labda petroli si safi. Mlio wake, ambao zamani ulikuwa mkali na mwepesi, ukawa mzito kama wa mtu asemaye huku amefunikwa blanketi. Injini ikawa na joto jingi kupita desturi. Nyuma ya bomba pakadondoka matone meusi, yakachafua mzigo na suruali. Tena petroli ikaisha upesi: lita tano zilizonitosha kwenda Korogwe na kurudi, sasa hazikunifikisha nyumbani.

Hapo ndipo nilipokosa. Katika nyumba yetu alikaa mpwa wangu, kijana wa miaka 17, ambaye dada yangu alinikabidhi ili asome. Yeye ndiye aliyeiosha pikipiki kila Jumamosi, na ufunguo ulitundikwa ukutani mahali awezapo kuufikia. Nikawaza ya kuwa huiendesha usiku, au huifyonza petroli akaiuza. Sikuwa na ushahidi wo wote. Nikamwita mbele ya mama watoto, nikamwuliza, "Petroli yangu yaenda wapi?"

Akanijibu, "Mjomba, mimi siijui. Lakini hiyo pikipiki —"

Nikamkatiza. Nikamwambia asinieleze habari za pikipiki, bali anieleze habari za petroli, na nikaongeza neno ambalo sitaliandika hapa. Akanyamaza. Siku ya tatu akaomba ruhusa aende Korogwe kumwona mama yake, naye hakurudi. Nikasema, "Mwaona? Mwenye hatia hukimbia." Mwezi uliofuata petroli ilipungua vile vile, na kijana hayupo. Jambo hilo peke yake lingalitosha kunifumbua macho, lakini mtu aliyekwisha kuhukumu hapendi kuhesabu tena.

Hata mwezi wa Machi 1994, wakati wa masika, binti yetu wa miaka minne alishikwa na homa kali, na usiku wa manane akaanza kutukutika mwili na kupoteza fahamu. Mama yake akamfunga kwa kanga, akapanda nyuma yangu, tukaondoka kwenda hospitali. Tulipoufikia mlima wa kwanza, injini ilinguruma bila nguvu, pikipiki ikapunguza mwendo mpaka ikasimama, kisha ikazimika. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Mama watoto akasema kwa sauti ya chini, "Baba, iache. Twende." Tukaiacha katika majani ya kando ya njia, nikamchukua mtoto mgongoni, tukapanda kwa miguu katika tope yapata kilomita nne. Tulifika kabla ya alfajiri. Wakamtundikia maji ya kwinini, naye baada ya siku tano tukarudi naye nyumbani mzima. Lakini mganga alituambia wazi ya kuwa tungalikawia zaidi, asingalikuwa na la kufanya.

Nikaipeleka pikipiki Mombo, kwa mzee mmoja fundi aliyejifunza kazi yake katika mashamba ya mkonge. Hakufungua kitu. Aliiwasha kwa taabu, akaweka kiganja chake karibu na mwisho wa bomba la moshi, akangoja. Kisha akaniambia, "Weka na wewe mkono wako, Mwalimu. Je, waona pumzi?" Nikaweka. Pumzi ilitoka kidogo, kama ya mgonjwa. Akaizima, na ilipopoa akalifungua bomba, akanipa nilichukue. Nilishangaa uzito wake. Akachomoa kile kijibomba cha ndani chenye matundu kinachopunguza kelele: matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa kitu cheusi, kigumu juu na chenye kunata chini kama lami. Katika mdomo wa silinda, mahali moshi utokapo, nafasi iliyobaki haikutosha kupitisha kidole changu kidogo.

Mzee akauliza, "Nani huitilia oili?"

Nikasema, "Mimi mwenyewe."

Akasema, "Basi, Mwalimu, aliyeiziba tumempata."

Sikumweleza habari za mpwa wangu, lakini neno lile lilinichoma kana kwamba alikuwa ameelezwa yote.

Sasa niwaeleze sababu yake, kama mzee alivyonieleza, na kama nilivyosoma baadaye. Injini za namna hii ni za zamani. Mwingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1891 kwa injini ya mipigo miwili ambayo hutumia nafasi ya chini ya pistoni kuvutia na kusukuma hewa yenye petroli. Wajerumani wa DKW wakatengeneza pikipiki yao ndogo, RT 125, mwaka 1939, nayo baada ya vita ikaigwa katika nchi nyingi. Hata pikipiki ya kwanza ya Yamaha ya mwaka 1955 ilifuata mfano wake. Uzuri wake ni kuwa na vitu vichache na kuwa nyepesi. Katika injini ya mipigo minne, oili hukaa chini mahali pake na kuzunguka. Katika hii ya mipigo miwili, oili huingia pamoja na petroli, hulainisha vyuma ikipita, kisha huungua na kutoka pamoja na moshi. Lakini haiungui yote. Inayosalia hushikamana na kuta za bomba, moto huikausha, na juu yake hushikamana nyingine, mpaka yawe masizi mazito.

Tena injini hii haina vali ya kutoa moshi. Moshi wa zamani hutoka na hewa mpya huingia kwa wakati ule ule mmoja, kwa matundu yaliyo katika ukuta wa silinda. Basi bomba likizibwa, moshi wa zamani hubaki ndani, na hewa mpya haina mahali pa kukaa. Ni kama jiko katika nyumba isiyo na dirisha: waweza kuongeza kuni upendavyo, lakini utapata moshi tu wala si moto. Kwa hiyo mwendeshaji huzidi kuvuta mafuta, petroli huisha, na nguvu haiji. Hivyo ndivyo petroli yangu ilivyoibwa.

Kazi ya kusafisha si ngumu, nayo ni ya nusu siku. Injini ipoe kwanza. Fungua nati mbili zinazoshika bomba kwenye silinda, na ile inayolishika kwenye fremu, ulitoe bomba zima. Katika pikipiki nyingi za namna hii pana skrubu au bolti moja mwishoni mwa bomba inayokishika kijibomba cha ndani. Kama imekwama, itie mafuta ya taa, uiache mpaka kesho; usiilazimishe ikakatika. Kisha kishike kijibomba kwa koleo, kizungushe huku na huku, ukivute taratibu.

Masizi laini hutoka kwa brashi ya waya, na matundu hufunguliwa moja moja kwa waya mgumu. Yaliyo magumu huondoka kwa moto. Tia kijibomba katika jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu, uiache oili iungue, kisha kitoe na kukiacha kipoe chenyewe bila kukimwagia maji. Ukikigonga, masizi yataanguka kama maganda. Fanya hivyo nje ya nyumba, mbali na petroli, nawe usimame upande utokako upepo, kwa maana moshi ule ni mbaya kwa kifua. Bomba kubwa nalo lisafishwe kwa mnyororo wa zamani wa baisikeli: uingize ndani, ulitikise bomba kwa nguvu, ukaligeuze na kumwaga, tena na tena, mpaka lisitoke kitu.

Usisahau mdomo wa silinda. Zungusha injini mpaka pistoni ifike juu kabisa na ubavu wake ulizibe tundu la moshi, ili masizi yasianguke ndani. Kisha kwangua kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa, wala si kwa bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo wa chuma ubavuni mwa pistoni hauponi. Futa kwa kitambaa, weka gasketi mpya, rudisha bomba, kaza nati sawasawa. Ukiwasha, itatoa moshi mwingi kwa muda kidogo, usiogope. Baada ya safari ya kwanza, injini ikipoa, zikaze nati tena.

Wako wanaotumia kostiki soda, ile ya wapika sabuni. Yafaa sana kwa bomba la chuma, lakini ina hatari, na mzee alinionyesha kovu mkononi mwake kuwa ushahidi. Anayetaka kuitumia avae glavu za mpira na miwani. Aitie soda ndani ya maji kidogo kidogo, asimwagie soda maji, maana huchemka ghafula na kuruka usoni. Asiitumie kamwe kwa kitu cha aluminiamu: huila, na kutoa haidrojeni, hewa inayoshika moto. Tena yataondoka na rangi ya bomba pia. Chombo chake kisiachwe mahali watoto wapitapo, na bomba lisuuzwe kwa maji mengi kabla ya kurudishwa. Mimi mwenye watoto nyumbani nilichagua mkaa na brashi.

Vijana wengine, wakichoka na masizi, hukitupa kijibomba cha ndani, wakifurahia kelele. Hilo si jema. Bomba limepimwa pamoja na injini. Ukilibadili, mchanganyiko wa hewa na petroli hauwi kama ulivyokusudiwa, na injini yaweza kupoteza nguvu au kupata joto kupita kiasi, mbali na kuwasumbua wagonjwa na watoto waliolala.

Tena kusafisha bila kutafuta sababu ni kazi bure, kwani masizi yatarudi. Tazama oili: ni ya 2T kweli, na ni kiasi gani? Kama mtambo wako una pampu yake, usiongeze kitu katika petroli. Kama huchanganywa kwa mkono, fuata kitabu chake. Mingi ya siku hizi yataka kipimo kimoja cha oili kwa vipimo 50 vya petroli, yaani mililita 20 kwa lita moja, na ya zamani yaweza kutaka zaidi ya hapo. Tazama kichujio cha hewa: kikijaa vumbi, petroli huzidi hewa na masizi huongezeka. Na kama oili ya gia hupungua huku moshi mweupe ukizidi, huenda ile sili iliyo kati ya injini na gia imekwisha, na oili yafyonzwa na kuungua. Wenye misumeno na jenereta ndogo za mipigo miwili watazame pia kile kiwavu kidogo cha kuzuia cheche kwenye njia ya moshi. Mara nyingi ndicho kinachoziba kwanza.

Mzee alipomaliza aliniambia niijaribu. Nilipanda mlima wa Mombo kwa gia ya tatu, kama siku ile ya kwanza. Ingenipasa kufurahi, lakini nilipofika pindo la pili nikasimama, nikageuza pikipiki, nikashuka tena mpaka Korogwe.

Si desturi yetu mjomba kumwomba mpwa wake radhi. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kunihifadhi heshima: nitasema nimekuja kumsalimu dada, nitasema mambo hayo yamekwisha, nitamwambia arudi shule. Nilipoingia uani nilimkuta kijana akichota maji. Akaweka ndoo chini, akanisalimu, "Shikamoo, Mjomba." Maneno yote niliyoyatunga yakanitoka. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Mwanangu, hukuiba kitu. Mwenye kosa ni mimi. Niliijaza pikipiki oili kwa mkono wangu, nikakuita wewe mwizi."

Alinyamaza kitambo, akisugua mpini wa ndoo. Kisha akasema, "Mjomba, siku ile nilitaka kukuambia. Kila Jumamosi nilipoiosha niliona oili nyeusi ikidondoka nyuma, na mlio wake ulikuwa umebadilika. Nilidhani bomba limeziba."

Basi alikuwa akijua tangu mwaka uliotangulia. Kama ningalimwacha amalize neno lile moja, mtoto asingalibebwa mgongoni usiku ule katika tope. Dada yangu hakunilaumu, lakini alitazama chini, na hilo lilinitosha.

Alirudi kwetu mwezi wa Julai, shule zilipofunguliwa. Jumamosi ya kwanza tulilifungua bomba pamoja, ingawa lilikuwa bado safi, ili anionyeshe namna ya kusikiliza mlio. Tangu hapo niliweka desturi ya kulisafisha kila baada ya kilomita 3,000, nikiandika tarehe ndani ya kifuniko cha daftari la shule, na yeye ndiye aliyeshika brashi. Siku hizi yuko Tanga, akitengeneza mashine za boti za wavuvi, nazo nyingi ni za mipigo miwili. Binti yule ni mama wa watoto wawili.

Pikipiki za mipigo miwili zimepungua sana barabarani, na vijana wa bodaboda karibu wote waendesha za mipigo minne, ambazo hazichanganyi oili na petroli. Yangu bado ipo chini ya upenu, nami huiwasha mara moja moja kwenda sokoni. Ndugu zangu mlio nazo, kabla hamjamshuku mtoto, wala fundi, wala muuza petroli, wekeni kiganja nyuma ya bomba mwone kama latoa pumzi. Na kama yuko kijana nyumbani aioshaye, mwulizeni yeye kwanza, mkamwache amalize kusema.

Ni mimi mwalimu mstaafu wa milimani.